Moja Hadi Tano

...moja, nitasema moja, na nitaisema haraka kama mtu anayeitika jina lake darasani, halafu madam ataandika na kuhamia kwa Joyline aliyekaa ubavuni mwangu, na hakuna atakayejua lolote, kwa sababu namba haina uso, namba haitokwi na jasho, madam Nyakerario amekwisha kuisoma sentensi yake polepole, kwa ile sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa, "Nikishindwa uwanjani, mimi ni mtu asiye na thamani," kisha akainua macho kutoka kwenye karatasi na kuyaweka kwangu, moja ni sikubali kabisa, tano ni nakubali kabisa, Mellen, golikipa, ni zamu yako, na timu nzima imegeuza shingo, taulo mabegani, matope ya uwanja miguuni, wananitazama meno yote nje kwa sababu wanangoja kichekesho, na mimi moja yangu iko tayari, imeoga, imevaa, mbona basi haitoki, mbona ulimi umelala kama mbwa saa sita za mchana... nikishaisema hii nimemaliza, Jumamosi asubuhi napanda gari narudi kwetu Ntimaru, na Jumapili watu wa Migori wakija hapa Homa Bay kwa mechi ya marudiano watamkuta golini mtu mwingine, yeyote yule, si mimi, hilo nimeliamua na hakuna anayelijua, na mtu ambaye amekwisha kuamua kuondoka hana sababu ya kuumizwa na sentensi ya kwenye karatasi, moja, sema moja.

Makosa ni ya Kochi Cephas, nampenda kama mzazi lakini haya makosa ni yake, madam alikuja kutoka chuo kikuu na karatasi zake zimepangwa kwenye faili, mama wa Kisii mwenye adabu, akatueleza vizuri tu kwamba wachezaji wana mambo wanayojiambia ndani kwa ndani, mambo yasiyo na mantiki lakini yenye nguvu, lazima nishinde, siwezi kuvumilia kushindwa, nikikosea mimi si kitu, na kwamba mambo hayo yanaweza kupimwa kama presha inavyopimwa, ukajua nani anayo mengi na nani anayo kidogo, na mwenye mengi akasaidiwa kabla hajaanguka, akataka kila mmoja wetu akae peke yake kwenye kona yake ajaze kimyakimya, na hilo lingenifaa sana, ningejaza moja tupu kutoka juu mpaka chini nikaenda kuoga, lakini Kochi akachungulia dirishani, akaona wingu linapanda kutoka ziwani, akasema hapa hatufichani, Ngege Ladies ni familia, soma kwa sauti, kila mtu ajibu kwa zamu, tutamaliza kabla ya mvua, madam akajaribu kusema kwamba utafiti una utaratibu wake na Kochi akapuliza filimbi, anapuliza filimbi hata ndani ya nyumba, nasikia hata kwake watoto huitwa kula kwa filimbi, basi ikawa hivyo, tukajibana kwenye madawati ya watoto wa shule, magoti yakafika kifuani, na maskini madam hakujua kwamba Mjaluo humsimamishi mbele ya watu ishirini ukamwambia jitaje, halafu ukategemea akupe namba, hapa mtu akipewa nafasi ya kujitaja anajipamba, nimeona arusini, nimeona matangani, gitaa linanyamazishwa katikati ya wimbo ili mtu mmoja asimame ajisifu, pakruok wanaita, na hakuna anayemdai ushahidi, uongo unapimwa kwa utamu wake, kwa hiyo madam aliposoma ile ya kwanza kabisa, ni lazima nishinde kila mchezo, Roseline nahodha wetu alisimama, hakuna aliyemwambia asimame, akashika kiuno, akasema, "Mimi Roseline nyar Rusinga, binti wa kisiwani, ziwa likiniona linarudi nyuma linipishe, andika sita madam, hiyo tano yako inanibana kama kiatu cha mtoto," na darasa likaanguka kwa kicheko, na baada ya hapo nani angesema mbili, nani angethubutu kusema tatu, Joyline akasema yeye ni wa Lambwe, amekua akikimbizana na swara wa mbuga ya Ruma, mbung'o alimuuma na aliyeugua malale ni mbung'o, tano, beki wa kushoto akasema akishindwa jua linaomba ruhusa ya kuchomoza, tano, na madam anaandika tano, tano, tano, na kila akiandika uso wake unazidi kuingia huruma, kama nesi anayesoma vipimo vibaya na hataki mgonjwa aone, anadhani amefika kwenye timu ya wasichana waliovunjika, atarudi Kisii aseme Homa Bay kuna hatari, jamani kule kunahitaji msaada wa haraka, wakati wao wamekaa hapa wanacheka mpaka wanashikana mabega, na yule mmoja ambaye kweli amevunjika ndiye anayetaka kumwambia moja, nilitamani kumvuta kando nimwambie, madam, wewe na mimi ni majirani, lugha zetu zinasikilizana, kwetu Kuria mtu akijisifu anaambiwa haya onyesha, usiandike hivyo, hawa wanacheza, lakini ningemwambiaje hawa wanacheza bila yeye kuniuliza, na wewe je, Mellen, wewe huchezi?

"Nyarkuria," Joyline ananong'ona, ananigusa kwa kiwiko, "pakri, jisifu, toa moja tamu." Nyarkuria, binti wa Wakuria, hilo ndilo jina langu hapa, sikumbuki mara ya mwisho kusikia Mellen isipokuwa Kochi akiwa amekasirika, na mwanzoni lilinichoma, nilidhani wananikumbusha kwamba mimi ni wa kuja, mpaka siku niliyougua malaria nikasikia Roseline akimfokea mtu mlangoni kwamba Nyarkuria wetu amelala punguza sauti, wetu, neno dogo hivyo, nililia chini ya blanketi kama mjinga... na hao wengine, mashabiki wa Homa Bay waliokaa jukwaani kule Migori, nao waliniita Nyarkuria siku ya mechi ya kwanza, lakini bila wetu, walisema Nyarkuria ametuuza, amewauzia watu wa kwao Migori... ile kona, Mungu wangu, kona yenyewe ilipigwa vibaya, mpira ulikuja taratibu kama mgeni anayebisha hodi, hakuna aliyenisukuma, jua halikuwa machoni, mechi ilikuwa sare ya moja kwa moja na dakika zimekwisha, nikanyoosha mikono nikaugusa, naapa niliugusa, nikausikia unapita katikati ya mikono, ukagonga goti, ukaingia wavuni polepole sana hata ungeweza kuusalimia, na masikio yangu yakaziba, uwanja mzima wa Migori uko juu lakini mimi sisikii kitu, nasikia kigelegele kimoja tu, kile ambacho nakijua tangu sijui kuongea, kilichokuwa kikituita kutoka shambani, kilichopigwa nilipofaulu mtihani wa darasa la nane, cha mama yangu... kwa sababu mama alikuja, ndiyo mara yake ya kwanza kuona mpira wa miguu maishani, aliacha tumbaku kwenye tanuri akavaa kitenge chake cha Jumapili, akatoka Ntimaru mpaka mjini Migori, akakaa peke yake katikati ya mashabiki wa Migori kwa sababu hakujua kwamba mashabiki wana pande, mtu alimwonyesha tu kwa kidole, mtoto wako ndiye yule wa njano aliyesimama penye nyavu, na mama akanishikilia kwa macho tangu mwanzo mpaka mwisho, hakutazama mpira, atazame mpira wa nini, anaujua mpira? alinitazama mimi, na dakika ile watu wote waliomzunguka waliposimama na kupiga kelele huku wameelekeza mikono kwangu, mama yangu alielewa jambo moja, kwamba mtoto wake anashangiliwa, akasimama nao, akapiga kigelegele kuliko wote.

Na baada ya mechi akaja kwenye ua, akapitisha mikono yake kwenye waya, mikono myeusi kwa utomvu wa tumbaku ambao hautoki hata kwa majivu, akanishika uso, machozi yanamtoka, akaniambia kwa Kikuria, "Watu wote wale, Mellen, wamesimama kwa ajili yako," nami nikasema ndiyo mama, ningesema nini, nikaubeba uongo huo mpaka kwenye gari, na kwenye gari nikajifunika jaketi kichwani, na tulipofika Rongo simu za watu tayari zilikuwa zimejaa, mama wa kipa ameshangilia bao, mmeona wenyewe, ushahidi mnataka upi tena, wauzaji wa samaki pale gatini walikuwa na habari kabla sisi hatujashuka, na asubuhi yake mmoja alipothubutu kulisema mbele ya Roseline akamwagiwa beseni la maji ya magamba, na maneno yaliyofuata siwezi kuyarudia hata kwenye kichwa changu mwenyewe, kesi ikafika kwa mzee wa soko, Roseline akaomba msamaha kwa ajili ya maji tu, maneno akakataa kuyaondoa... lakini nyumbani hakuniambia chochote, tunaishi chumba kimoja na hakuniambia chochote, Joyline hakuniambia chochote, Kochi alisema bao ni la timu na akapuliza filimbi tukaanza kukimbia kupanda kilima cha Asego, hakuna hata mmoja aliyeniambia wewe ndiye, na mimi nikakichukua kile kimya chao nikakitafsiri, usiku nikilala nakitafsiri, nikaona wamenidharau kiasi cha kutonitaja, na ndipo ikaanza hii sentensi, sikuitunga, iliingia tu, nikiwa najifunga kamba za viatu, nikiwa nachota maji, mimi si kitu, kipa anayepitwa na mpira ule si kitu, mtu asiye kitu anakula ugali wa wenzake kwa nini, na sasa madam anaisoma kwa sauti mbele ya watu, neno kwa neno, nilishtuka mpaka dawati likalia, nilidhani amelala chini ya kitanda chetu akanisikiliza, nilidhani Roseline amenisikia nikiongea usingizini akamwambia.

"Mellen," anasema Kochi, "madam anangoja," na anasema kwa upole, ameniita Mellen na hajakasirika, hilo ni jambo jipya, upole wake ndio unaonimaliza, huyu ndiye mtu aliyekuja kwetu mara mbili kuniomba kwa baba, na baba, mzee Wangwe, akadhani ni mshenga, akamkalisha, akamkaribisha togwa, akamuuliza ana ng'ombe wangapi, Kochi akadhani anaulizwa wachezaji, akasema kumi na moja na wa akiba wapo, na baba akatikisa kichwa kwa heshima, mtu mwenye wa akiba si mtu mdogo, mpaka leo wanaulizana hali kwenye simu na sina hakika kama wameshaelewana, na huyo ndiye nitakayemkimbia Jumamosi bila kumuaga, kwa sababu nikimuaga atanitazama hivi anavyonitazama sasa... na Liz, golikipa wa pili, kidole chake kimefungwa bandeji mpaka kwenye kiganja, ina maana nikiondoka atakayekaa golini ni Joyline, Joyline mshambuliaji, ambaye akiona mpira unakuja anaukimbilia kuupiga kwa kichwa, watafungwa hata na upepo, hilo nalijua, nimelijua siku zote hizi na nikajiambia ni afadhali wafungwe na Joyline kuliko kufungwa na mimi tena, lakini subiri, subiri kidogo, turudi hapo nyuma, hii sentensi... imechapishwa. Imechapishwa kwa wino, kuna karatasi ya Joyline na ya Roseline na ya kila mtu, na zote zina sentensi hiyo hiyo, madam aliibeba kutoka chuoni kabla hajaniona, kabla hajajua kwamba kuna mtu anaitwa Mellen, alisema kwamba imesomwa kwa wachezaji wa sehemu nyingine, waogeleaji, wakimbiaji, watu wenye viwanja vya nyasi halisi, sasa mtu wa kwanza kuiandika aliitoa wapi, si aliisikia kwa mtu, si kuna mtu mahali fulani alikaa akamwambia mimi nikishindwa sina thamani, na mwingine akasema hata mimi, na mwingine, mpaka ikaonekana ni ya wengi kiasi cha kuwekwa kwenye karatasi, na mimi nimeilea peke yangu gizani nikidhani nimeizaa, kumbe ni kama mafua, kila nyumba yanapita... inachekesha, karibu nicheke, madam ataandika nini nikicheka?

Na Roseline hacheki. Sasa ndiyo naona, wote wana meno nje na Roseline hana, ameinamisha kichwa anatoa tope kwenye soksi yake kwa ukucha, chembe moja moja, yeye ambaye kwenye hii hii sentensi, dakika mbili zilizopita, alisema tano na akasema siku atakayoshindwa samaki watavaa nguo nyeusi, na bado wanacheka hiyo ya samaki, lakini alishindwa, mbona hakuna aliyemkumbusha, alishindwa mwaka jana kule Ndhiwa, penalti ya dakika ya mwisho, akaipaisha ikaenda kuangukia kwenye mihogo ya watu, tukatolewa kwenye mashindano, akakaa chini kwenye ile alama nyeupe na hakutaka kuinuka mpaka mwamuzi akamwomba, na mimi nilikuwa wapi, nilikuwa golini upande wa pili, nikamkimbilia uwanja mzima, na nikiwa nakimbia niliwaza nini, nakumbuka vizuri, niliwaza Roseline hajala tangu asubuhi, alitapika chai kama anavyotapika kila kabla ya mechi, sasa atakula nini, niliwaza chapati, Mungu wangu, nikampeleka sokoni nikamtafutia chapati na maharagwe nikamtazama akila mpaka akamaliza, na njia nzima ya kurudi alilala begani kwangu, bega likafa ganzi na sikulisogeza, haikunijia hata mara moja kwamba Roseline si kitu, hata kwa mbali, hata kwa dakika, mtu angeniambia Roseline hana thamani ningemmwagia maji ya magamba na ndoo yenyewe, kwa hiyo hii sheria ni sheria gani ambayo inanishika mimi peke yangu, imeandikwa na nani, mtu akikosa penalti anatafutiwa chapati na mtu akipitwa na kona anafungiwa begi... begi. Begi nililokwisha kulifunga liko chini ya kitanda, nimelisukuma mpaka ukutani nikaweka jembe mbele yake. Na Roseline anafagia chini ya kitanda kila asubuhi, sijawahi kumwona akiruka hata siku moja, hata siku ya mechi, anapiga magoti na ufagio mfupi anafika mpaka ukutani, kwa hiyo amelishika, amelihamisha akafagia akalirudisha, na jembe akalirudisha mbele yake vilevile, kila asubuhi, na akainuka akachemsha chai akaniwekea kikombe kikubwa, na hakuniuliza, na mimi nikasema kimya chake ni dharau... mjinga mimi, mjinga kabisa, ananiogopa, anaogopa akiuliza nitajibu. Alisimama akajiita nyar Rusinga akamwambia madam aandike sita, huku amebeba hilo, na kile kimya cha wengine nacho, labda nao, labda kila mmoja ana chapati yake mfukoni anasubiri niinue kichwa aniletee, na mimi sijainua, wiki nzima nimefunikwa jaketi.

Mama naye nimemwonea. Nimekuwa nikiona aibu kwa ajili yake, niseme tu, nimeona aibu na kigelegele chake, nikikikumbuka natamani ardhi inimeze, mama mshamba, mama ambaye hajui bao, nikasema siku nitakayomweleza ukweli atajua kwamba hakuna aliyesimama kwa ajili yangu, lakini yeye alisimama, si alisimama, hakuna uongo hapo, alitoka Ntimaru akakaa kwenye jua akanitazama mimi bila kutazama mpira, na ningeudaka ule mpira angenitazama vilevile, mikono ileile nyeusi ingepita kwenye waya, sasa kipimo cha madam kina nafasi ya kuandika mtu kama huyo? mama angeulizwa, mtoto wako akifungwa ana thamani gani, moja hadi tano, angemuuliza madam kama ameshakunywa chai... nampenda mama yangu, nampenda mpaka kifua kinauma, na huyu mwenye ukucha kwenye soksi nampenda, na Kochi na filimbi yake, hata madam nampenda kidogo, na kalamu yake iliyosimama kwenye karatasi hapo hapo ilipokuwa, haijasogea, amengoja bila kukunja uso, hajanisemesha, matone ya kwanza yanagonga mabati na hajatazama juu, mtu anayejua kungoja hivyo anajua anachokingoja, na hii moja yangu nzuri niliyoivalisha nguo, nikimpa hiyo nitakuwa nimempa uongo usio na utamu wowote, maana ukweli ni kwamba hii sentensi bado ipo, haijaondoka kwa sababu nimeifikiria, naisikia hapa chini ya mbavu, nikipitwa na mpira Jumapili itapiga kelele tena, naijua, sitajidanganya kwamba nimepona kwenye dawati la mtoto wa shule, ila sasa naisikia kama mtu anayesema nje ya mlango, na mlango nimeshika mimi.

"Pakri bwana," ananong'ona Joyline, na Kochi anaanza kuinua filimbi, na Roseline ameacha soksi yake, ameinua uso ananitazama, moja kwa moja, hana kichekesho machoni hata kidogo.

"Tano," nasema, na inatoka ndogo, bila kusimama, bila kushika kiuno, Joyline amefungua mdomo acheke na ameufunga. "Yangu ni tano ya kweli, madam. Lakini uniulize tena Jumatatu."